Louis Leakey na Fukwe za Kale za Nakuru

Utangulizi

Miinuko ya Dundori iko mashariki ya mji wa Nakuru. Kutoka huko, mtu akielekeza uso machweo, huliona Bonde la Ufa limelala chini yake: Ziwa Nakuru upande mmoja, Ziwa Elmenteita upande wa pili, na kati yao mashamba, vilima vya volkeno na nyika. Aghalabu mtazamaji hudhani kwamba ndivyo nchi hii ilivyokuwa tangu azali. Sivyo. Yapata miaka 9,000 iliyopita maziwa hayo mawili yalikuwa ziwa moja kubwa, na maji yake yalisimama karibu mita 180 juu ya kiwango cha Ziwa Nakuru kilichozoeleka katika karne ya ishirini. Mapango yaliyochongwa na mawimbi, changarawe za ufuoni na matabaka ya udongo mweupe wa ziwani bado yanashuhudia jambo hilo mahali ambapo leo ni pakavu.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuzisoma alama hizo kwa makini alikuwa Louis Seymour Bazett Leakey. Jina lake lilivuma duniani kwa sababu ya mafuvu ya binadamu wa kale. Hata hivyo, nyuma ya mafuvu hayo lilikuwepo swali kubwa zaidi: mahali humfanya kiumbe awe alivyo kwa kiasi gani, na mahali hapo panapobadilika, ni nani hutoweka na ni nani husalia? Majibu aliyoyatoa Leakey hayakuwa sahihi yote, na baadhi yake yaliporomoka angali hai. Lakini njia yake ya kuuliza imedumu, na ndiyo inayoyafanya maisha yake yastahili kusimuliwa upya.

Malezi ya Kabete

Leakey alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake, Harry na Mary, walikuwa wamishenari wa Kianglikana miongoni mwa Wakikuyu. Mtoto huyo alikua akisema Kikuyu kama lugha yake mwenyewe, akawinda na kutega pamoja na wavulana wenzake, na hatimaye akaingizwa katika rika lao kwa siri na viapo vya jando. Malezi hayo yalimpa elimu ambayo vitabu havikuwa nayo. Mwindaji hana budi kujua mnyama gani hunywa maji wapi, hula nini, hupita saa ngapi na humwogopa nani. Wanaikolojia wa leo huyaita mambo hayo kwa pamoja nafasi ya kiikolojia ya kiumbe. Mvulana wa Kabete aliyajua kama njia ya kupata kitoweo.

Akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi alianza kuokota vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, vilivyofichuliwa na mvua mashambani na kando ya barabara. Watu wa nyumbani hawakuvitilia maanani. Arthur Loveridge, msimamizi wa kwanza wa makumbusho ya viumbe mjini Nairobi, alivitazama na kuthibitisha kwamba baadhi yake vilichongwa na mikono ya watu. Tangu siku hizo Leakey alishika imani kwamba historia ya binadamu ingetafutwa Afrika, wakati ambapo wataalamu wengi waliielekeza Asia.

Tendaguru na somo la wanyama watambaao

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza. Huko alifaulu kuwashawishi wakuu wa chuo waikubali lugha ya Kikuyu kuwa mojawapo ya lugha za mtihani wake. Mwaka 1923 alipigwa teke la kichwa katika mchezo wa raga, akapatwa na maumivu makali, na madaktari wakamshauri apumzike masomo. Mapumziko hayo yalimrejesha Afrika Mashariki. Mwaka 1924 alijiunga na msafara wa makumbusho ya Uingereza uliokwenda Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, chini ya uongozi wa William Cutler, kuchimba mifupa ya dinosauri.

Tendaguru palikuwa tayari mashuhuri. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko, na mamia ya wapagazi wa Kiafrika wakabeba mifupa hiyo vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi ili ipelekwe Berlin. Leakey, ambaye alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja tu, alijifunza kwa Cutler namna ya kufichua mfupa, kuupaka dawa na kuufunga kwa plasta usivunjike. Baada ya miezi kadhaa alirudi Cambridge. Cutler alibaki, na mwaka 1925 akafa kwa homa huko Lindi.

Miamba ya Tendaguru ina fundisho lisilohusu dinosauri peke yao. Tabaka lenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu hufuatwa na tabaka lenye makombe ya baharini, kisha hurudi tena la nchi kavu. Yaani yapata miaka milioni 150 iliyopita hapo palikuwa pwani, na bahari ilipanda na kushuka. Katika bahari za dunia za zama hizo waliishi wanyama watambaao waliokuwa wameiacha nchi kavu wakahamia majini. Ikthiosauri walikuwa na umbo la samaki mwenye kasi, macho makubwa, na walizaa watoto hai humo humo baharini. Plesiosauri waliogelea kwa miguu minne iliyogeuka makasia. Baadhi yao walikuwa na shingo ndefu na kichwa kidogo, wengine shingo fupi na taya kubwa. Kila kundi lilikuwa na windo lake, na umbo la kila mmoja lilifuata riziki yake.

Kufaa sana mahali pamoja kuna gharama yake. Yapata miaka milioni 90 iliyopita, bahari zilipobadilika joto na vyakula vyake, ikthiosauri walitoweka. Baadaye mosasauri, jamaa wa kenge, walienea na kuwa wawindaji wakuu wa bahari. Nao, pamoja na plesiosauri, waliangamia miaka milioni 66 iliyopita, baada ya kimondo kikubwa kuipiga dunia na mnyororo wa chakula baharini kukatika. Lakini kasa na mamba walivuka. Wataalamu wengi hueleza kwamba mito na vinamasi, ambamo viumbe wengi hutegemea mabaki ya mimea na mizoga, havikuathirika kwa kiasi kile kile, na kwamba mnyama anayeweza kukaa muda mrefu bila kula alikuwa na bahati zaidi. Nguvu peke yake haikuokoa. Lililookoa ni kutotegemea chakula cha aina moja.

Kijana aliyetoka Tendaguru aliacha kuchimba dinosauri akageukia binadamu. Hata hivyo, swali la mahali na riziki lilimsubiri katika Bonde la Ufa.

Nakuru na Elmenteita

Baada ya kuhitimu mwaka 1926, Leakey aliongoza msafara wake wa kwanza wa akiolojia katika Afrika Mashariki. Alipiga kambi katika eneo la Nakuru na Elmenteita. Hapo alichimba makaburi ya kale, akauona umuhimu wa kilima cha Hyrax Hill nje kidogo ya mji wa Nakuru, na akaanza kazi katika pango lililokuwa katika shamba la mlowezi mmoja, linalojulikana hadi leo kama Pango la Gamble. Msafara wa pili wa mwaka 1928 na 1929 uliendeleza kazi hiyo. Humo mlitoka maelfu ya visu vidogo na vikwaruzio vya obsidiani pamoja na mifupa ya watu.

Jambo lililomvutia sana Leakey ni kwamba pango lenyewe lilichongwa na mawimbi ya ziwa. Maji yaliposhuka, watu waliingia wakakaa pale yalipokuwa maji. Kwa hiyo vifaa vya mawe na viwango vya ziwa vingeweza kusomwa pamoja kama kurasa za kitabu kimoja. Si mbali na hapo, Kariandusi, msafara huo ulifichua shoka za mkono, nyingi zikiwa za obsidiani, za zama za kale zaidi. Leo hukadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 700,000 na milioni 1. Karibu nazo kuna matabaka mazito ya diatomaiti, udongo mweupe uliotokana na magamba ya mimea midogo sana ya majini. Palipo na udongo huo, palikuwa na ziwa.

Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, na wa Uganda uliokusanywa na mwanajiolojia E. J. Wayland, ilijengwa nadharia ya zama za mvua. Ilidai kwamba Afrika ilipitia vipindi vikuu vya mvua vilivyolingana na vipindi vya barafu kuu huko Ulaya. Kipindi cha mwisho kilipewa jina kutokana na Pango la Gamble. Mnamo Januari 1947 Leakey aliandaa Nairobi kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale, na mpangilio huo wa zama ukakubaliwa kutumika barani.

Haukudumu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wanajiolojia walitilia shaka ushahidi wake, kwa kuwa katika Bonde la Ufa ziwa huweza kupanda au kushuka hata kwa sababu ya ardhi kuinuka au kupasuka. Kisha mbinu ya kupima umri kwa kaboni ilileta jibu lililoushangaza ulimwengu wa wataalamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba ziwa kubwa la Nakuru na Elmenteita lilifikia kimo chake yapata miaka 10,000 hadi 8,000 iliyopita, barafu ya Ulaya ikiwa imekwisha kuyeyuka. Wakati wa barafu kuu yenyewe maji ya hapa yalikuwa kidogo. Nadharia ilikuwa imeisoma saa kinyume.

Je, kazi ya Nakuru ilipotea bure? La hasha. Fukwe zilikuwepo, pango lilikuwepo na watu walikuwepo; kilichoanguka ni kalenda. Uchunguzi wa baadaye wa Stanley Ambrose kuhusu wawindaji hao wa kale wa Elmenteita, Eburru na Mau ulionyesha kwamba walipenda kukaa kwenye mpaka wa msitu wa milimani na nyika, ambapo mtu huweza kuwinda pande zote mbili. Mvua zilipopungua na msitu kurudi juu milimani, makao yao nayo yalipanda. Watu walifuata nafasi yao ya kiikolojia, nayo ilihama pamoja na mvua. Swali la Leakey lilipata jibu bora kuliko alilokuwa amelitoa yeye.

Fedheha na ustahimilivu

Mwaka 1931 Leakey alikwenda Olduvai, kaskazini mwa Tanganyika, pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyekuwa amechimba huko mwaka 1913. Reck hakuwa ameona vifaa vya mawe. Leakey aliviona mara tu walipofika. Mwaka uliofuata alipata Kanam, karibu na Ghuba ya Winam, kipande cha taya alichodai kuwa cha binadamu wa kale mno. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikwenda kukagua. Leakey alishindwa kumwonyesha mahali penyewe: vigingi vya chuma alivyovisimika vilikuwa vimeng'olewa, na picha zilikuwa na kasoro. Boswell alitangaza shaka yake hadharani, na heshima ya Leakey ikaporomoka. Wakati uo huo ndoa yake ya kwanza ilivunjika, jambo lililozidi kumfungia milango ya Cambridge.

Mtu mwingine angekata tamaa. Leakey alimwoa Mary Nicol mwaka 1936, mwanaakiolojia aliyemzidi kwa utaratibu na subira. Mary alichimba Hyrax Hill mwaka 1937 na 1938, na kazi yake ya uangalifu iliwafaa wote wawili maisha yao yote. Wakati wa vita waliyafichua makao ya kale ya Olorgesailie, ambako shoka nyingi za mkono zimelala pamoja na mifupa ya nyani wakubwa waliokwisha kutoweka. Mwaka 1948, katika Kisiwa cha Rusinga, Mary alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale wa yapata miaka milioni 18. Visukuku vya matunda, mbegu na wadudu vilivyookotwa kisiwani humo vilionyesha kwamba mahali hapo palikuwa na msitu. Katika kazi hizo Leakey alitegemea sana macho na ujuzi wa wasaidizi Waafrika, hususan Heselon Mukiri, ambaye mchango wake hautajwi mara nyingi inavyostahili.

Maisha yake hayakuwa mbali na siasa. Aliandika kitabu kirefu kuhusu mila za Wakikuyu, kilichochapishwa mwaka 1977 baada ya kifo chake. Lakini wakati wa vita vya Mau Mau alisimama upande wa serikali ya kikoloni, na katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria aliteuliwa kuwa mkalimani. Upande wa utetezi ulipinga ukalimani wake, naye akajiondoa. Aliyetiwa jandoni pamoja na Wakikuyu alijikuta kwenye mpaka wa jamii mbili, na katika miaka hiyo mpaka haukuwa mahali pa salama.

Viumbe wawili, bonde moja

Tarehe 17 Julai 1959, Leakey akiwa mgonjwa kambini Olduvai, Mary aliona fuvu lenye magego makubwa ajabu. Leakey aliliita Zinjanthropus, jina linalokumbusha nchi ya Zinj ya wanajiografia wa Kiarabu. Mwaka 1961 vipimo vya majivu ya volkeno viliupa umri wa takriban miaka milioni 1.75, na dunia ikashtuka, kwani wengi hawakudhani kwamba jamaa za binadamu walikuwa wa kale kiasi hicho.

Mwanzoni Leakey alimtangaza Zinjanthropus kuwa ndiye mtengenezaji wa vifaa vya mawe vya Olduvai. Kisha, kuanzia mwaka 1960, ilipatikana mifupa ya kiumbe mwingine wa zama zile zile, mwenye meno madogo zaidi na ubongo mkubwa zaidi. Leakey aliibadili kauli yake. Mwaka 1964, pamoja na Phillip Tobias na John Napier, alimpa kiumbe huyo jina la Homo habilis. Wengi walipinga. Wakati huo ilisadikiwa sana kwamba jamaa za binadamu walifuatana mmoja baada ya mwingine, na kwamba aina mbili zisingeweza kuishi pamoja.

Hapa ndipo swali la nafasi ya kiikolojia lilipopata uzito wake wote. Aina mbili huweza kushiriki bonde moja maadamu hazigombei chungu kimoja. Utafiti wa kemia ya meno uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba Zinjanthropus, ambaye sasa huwekwa katika kundi la Paranthropus, alitegemea mno nyasi au mimea jamii ya ndago. Jamaa za Homo walikula vyakula vya aina nyingi zaidi, nyama ikiwemo. Mwenye magego makubwa alidumu kwa muda mrefu, kisha akatoweka yapata miaka milioni 1.2 hivi iliyopita. Sababu zote za kutoweka kwake bado zinajadiliwa, lakini sura ya kisa inafanana na ile ya bahari za kale: aliyefungwa na riziki moja hana pa kukimbilia riziki hiyo inapopungua.

Ili kuelewa viumbe waliokufa, Leakey alisisitiza wachunguzwe walio hai. Mwaka 1960 alimtuma Jane Goodall kwenda Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuwaangalia sokwe. Ufuo wa ziwa ulimvutia kwa kuwa mabaki mengi ya binadamu wa kale yalipatikana kwenye fukwe za maziwa. Baadaye alimsaidia Dian Fossey kuwachunguza sokwe wa milimani, na Biruté Galdikas kuwachunguza orangutani wa Borneo.

Hitimisho

Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972 kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake. Alikosea Kanam, akakosea kalenda ya mvua, na mwanzoni akamkosea Zinjanthropus. Lakini alikuwa tayari kurudi shimoni kuchimba tena, na alisadiki kwamba mfupa usio na mahali pake hausemi lolote.

Ziwa alilolisoma halijaacha kubadilika. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya Ziwa Nakuru yalipanda sana, yakalizamisha lango kuu la zamani la mbuga na kuzihamisha familia zilizoishi kandokando. Heroe wadogo, ambao midomo yao imeumbwa kuchuja mwani wa maji ya magadi, waliupata mwani huo ukipungua maji yalipozimua magadi, na wengi wakahamia Bogoria na maziwa mengine. Ndege hao wana mbawa. Ikthiosauri hawakuwa na bahari nyingine ya kuhamia, wala Zinjanthropus hakuwa na bonde jingine lenye chakula chake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo aghalabu huamua nani husalia.